Kung'arisha si kusafisha, wala si kupaka

Pale sokoni Mwanjelwa, Mbeya, neno "kung'arisha" limebebeshwa mizigo ya watu watatu. Mmoja analeta pete ya fedha iliyoingia weusi: "Ing'arishe." Wa pili ana mkufu uliochujuka, anataka rangi ya dhahabu irudi: "Ung'arishe." Wa tatu bangili yake imechubuka, anataka mikwaruzo itoke akiwa amesimama hapohapo. Fundi anaitikia "sawa", anawasha kimashine cha mkononi, na ugomvi unaanzia hapo.

Kung'arisha ni kukwaruza. Unakwaruza uso wa kitu kwa chembe ndogo, kisha ndogo zaidi, mpaka mikwaruzo inayobaki jicho lisiione. Uso wenye mikwaruzo hutawanya mwanga, ukaonekana umefubaa. Ukisawazika, mwanga unarudi kwa pamoja. Basi.

Ila kila unapokwaruza, unapunguza, na hilo ndilo wateja wengi hawataki kulisikia. Weusi wa fedha si mkwaruzo, ni fedha iliyoungana na salfa ya hewani. Pete isiyo na jiwe wala gundi, ilaze kwenye bakuli lililotandikwa karatasi ya alumini, weka magadi soda na maji ya moto, weusi unatoka na fedha inabaki palepale. Kuipeleka kwenye mashine kwa ajili hiyo ni kulipa hela ili pete yako ikonde. Mkufu wa rangi ndiyo balaa kabisa: tabaka lile mara nyingi halifiki hata mikroni mbili (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati unywele una kama 70. Ukigusa tu kigurudumu cha mashine, shaba inachungulia. Huo unahitaji kuchovywa rangi upya. Tena mnyororo wowote ni hatari kwenye mashine hii, hujizungusha kwenye mhimili na kukurukia.

Aliyekuja na bangili ndiye pekee aliyetumia neno mahali pake, ila amesahau msasa. Fundi anayejua kazi huanza na msasa namba 400, kisha 600, kisha 1000 (namba ikipanda, chembe zinapungua ukubwa), na kila akibadilisha namba anageuza mwelekeo ili mistari ya awali ionekane ikikatwa na mipya. Akiruka hatua, bangili itang'aa na mikwaruzo yake ndani, tena mikwaruzo hiyo itaonekana vizuri kuliko mwanzo. Baada ya msasa ndipo kinaingia kigurudumu cha sufi na ile dawa nyekundu ya masonara, ambayo kimsingi ni kutu iliyosagwa ikawa laini mno. Kimashine kinaweza kufika mizunguko 30,000 kwa dakika na zaidi, lakini kwa sufi kisipite 15,000. Anayekifungulia mwisho anaunguza sufi.

Kwa hiyo, ndugu mteja, ukifika kwa fundi sema shida yako: toa weusi, chovya rangi, au ondoa mikwaruzo. Akipitisha ukucha juu ya bangili kabla ya kutaja bei, usimwone anajivuta. Ukucha ukikwama, kazi hiyo ni ya msasa kwanza, na bei yake si ile ya kungoja umesimama.