Majivu ya Volkano: Kifua, Macho na Birika la Maji

Mlima Karthala ni volkano iliyoko Ngazija, kisiwa cha Komoro, kama kilomita 930 kutoka Mombasa, na wengi wetu hapa tuna shangazi, binamu au wakwe kisiwani huko. Ndiyo maana maswali ninayoulizwa kila nikimaliza somo la afya mitaani, Mji wa Kale hata Kisauni, hutoka moyoni. Haya ndiyo yanayorudi mara kwa mara. La maji nimelijibu kwa urefu, kwani ndilo linalosahaulika.

Kwa nini volkano nyingine hutiririka tu, na nyingine hulipuka?

Magma ni mwamba ulioyeyuka, na ndani yake mna gesi, hasa mvuke wa maji. Magma ikiwa nyepesi kama uji, gesi hutoka bila shida. Ikiwa nzito kama sima inayotokota, mapovu hunaswa, nguvu hujikusanya, kisha mwamba wote hupasuka vipande vipande. Njia ya pili ni maji: Aprili 2005 kreta ya Karthala, yaani shimo la kileleni, ilikuwa na ziwa, magma ikapanda ikakutana nalo, na mvuke ukarusha majivu juu.

Majivu hayo si kama ya jikoni?

Hasha. Majivu ya kuni ni laini. Haya ni mawe na kioo kilichosagika, chembe zisizofika milimita 2, zenye kingo kali. Yakikuingia machoni usifikiche; osha kwa maji safi mengi. Anayevaa lenzi za machoni azivue mapema.

Mwanangu ana pumu. Nihofie nini?

Hofia chembe usizoziona. Zilizo chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) huingia kifuani, na zilizo chini ya mikroni 4 hufika ndani kabisa ya mapafu. Mount St. Helens ya Marekani ilipolipuka tarehe 18 Mei 1980, hospitali za maeneo yaliyoangukiwa na majivu zilipokea wagonjwa wengi zaidi wa pumu na mkamba. Gesi ya dioksidi ya salfa nayo hubana njia za hewa, hata pale majivu hayaonekani.

Basi mtoto akae ndani, madirisha yafungwe, inhela iwe karibu, na dawa ya kila siku ya kuzuia pumu isikatizwe hata siku moja. Mama wengi huniuliza kama kanga iliyolowa maji inatosha. Watafiti wamepima vitambaa ambavyo watu hujifunika navyo, wakaona kuwa chembe ndogo hupenya nyingi, na kukilowesha kitambaa hakuongezi kinga ya maana. Barakoa ya aina ya N95 iliyobana vizuri usoni ndiyo inayochuja. Kanga ni afadhali kuliko uso mtupu, lakini isikupe ujasiri wa kukaa nje. Na kwa kuwa N95 nyingi zimetengenezwa kwa uso wa mtu mzima, kinga ya kweli ya mtoto ni nyumba.

Kabla ya kufagia, nyunyiza maji kidogo vumbi lisitimke. Kisiwani Montserrat, huko Karibiani, ambako volkano ya Soufrière Hills ilianza kulipuka mwaka 1995, majivu yalikutwa na kristobaliti, aina ya silika inayoweza kudhuru mapafu ikivutwa kwa miaka. Wafagiaji na vibarua ndio wa kuwaonea huruma kwanza.

Maji ya birika, yaani tangi la maji ya mvua, yakiingiwa na majivu, tuyachemshe tunywe?

Subirini kwanza. Ngazija haina mto wa kudumu. Mvua huzama katika mawe ya volkano, hivyo watu wengi hutegemea maji ya paani yanayokingwa kwenye mabirika. Mwaka 2005, Aprili na tena Novemba, majivu yaliangukia mabirika hayo na maji ya kunywa yakawa dhiki kubwa.

Chembe za majivu hubeba asidi na chumvi: salfeti, kloridi, floridi. Maji huwa machungu au yenye ladha ya chuma, tena machafu. Uchafu huo huidhoofisha dawa ya klorini. Kwa hiyo yaacheni yatuame, mimineni ya juu polepole, chujeni kwa kitambaa safi, ndipo mtie dawa. Kuchemsha huua vijidudu ila hakuondoi floridi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Inayozidi hapo kwa miaka hutia meno madoa ya kahawia, kama tunavyoona kwa wenzetu wa Bonde la Ufa. Maji yenye ladha isiyo ya kawaida yapimwe kabla ya kunywewa.

Lakini dawa bora ni ya mapema. Ikisikika tahadhari, ondoeni bomba linaloleta maji ya paani na mfunike birika. Majivu yakishakoma, safisheni paa kabla ya kuunganisha tena. Anayepanda awe mwangalifu sana, kwani majivu huteleza, na yakilowa huwa mazito mno. Pinatubo ya Ufilipino ililipuka Juni 1991 wakati wa kimbunga, na mapaa yaliyoelemewa na majivu yenye mvua yaliua watu wengi.

Yanaweza kufika Mombasa?

Majivu husafiri mbali. Novemba 2025 volkano ya Hayli Gubbi, Ethiopia, ilirusha majivu yaliyovuka Bahari ya Shamu hadi Yemen, Oman na India. Msitegemee kaskazi na kusi peke yake kukisia njia yake. Hizo ni pepo za chini, na huko juu sana upepo huwa na mwelekeo wake. Tufuate taarifa za Idara ya Hali ya Hewa.

Nikipata mtu anayekwenda Ngazija, nimpe nini?

Barakoa za N95, turubai la kufunikia birika, na inhela aliyoandikiwa mgonjwa mwenyewe. Kisha piga simu uulize kama bomba la paani linafunguka kwa urahisi. Nyumba nyingi limekazwa kwa saruji, na siku ya majivu hakuna muda wa kutafuta patasi.