Oda ya mmenyuko haisomwi kwenye mlinganyo

Mlinganyo uliosawazishwa unaonyesha molekuli ngapi zinaingia na ngapi zinatoka. Kuhusu kasi hausemi neno. Kanuni ya kasi, yaani kasi = k[A]^m[B]^n, hupatikana kwa kupima tu. Mabano ni ukolezi (mol ngapi katika kila lita), k ni namba isiyobadilika joto likibaki lilelile, na vipeo m na n ndivyo tunaviita oda.

Mfano ninaoupenda ni asetoni na iodini ndani ya asidi, maana huwanasa hata walio makini:

CH₃COCH₃ + I₂ → CH₃COCH₂I + HI

Mtu akiutazama harakaharaka atasema: asetoni oda 1, iodini oda 1, asidi haihusiki. Amepatia moja tu.

Changanya mL 10 za asetoni (4 mol/L), mL 10 za asidi hidrokloriki (1 mol/L) na mL 20 za maji. Iodini, mL 10 za 0.005 mol/L zilizoyeyushwa pamoja na potasiamu iodidi, iingie mwisho, na saa ianze hapo hapo. Kwenye nyuzijoto 25 rangi hutoweka baada ya sekunde 220 hivi. (Hewa ipite vizuri: iodoasetoni huwasha macho vibaya.)

Sasa asetoni iwe mL 20 na maji mL 10. Muda unashuka hadi karibu sekunde 110: kasi imekuwa mara mbili, oda ni 1. Asidi nayo vivyo hivyo. Ukifanya iodini kuwa mL 20 na maji mL 10, muda unapanda hadi 440, na hapa ndipo wengi huandika kwamba iodini inapunguza kasi. Sivyo. Kasi ni ukolezi wa iodini iliyotumika gawanya kwa muda: 0.001/220 na 0.002/440 ni kitu kilekile, 4.5 × 10⁻⁶ mol/L kwa sekunde. Oda ya iodini ni 0.

Sababu iko kwenye hatua ya polepole. Asidi huisaidia asetoni kugeuka enoli (umbo lake jingine, lenye atomi zilezile zilizopangwa tofauti), kazi inayochukua muda. Enoli ikitokea tu, iodini inaidaka papo hapo. Ndiyo maana hata ukitumia bromini kasi haibadiliki.

Kwa hiyo kasi = k[asetoni][H⁺], na k = 4.5 × 10⁻⁶ ÷ (0.8 × 0.2), karibu 2.8 × 10⁻⁵ L/mol kwa sekunde. Vizio vya k hufuata oda ya jumla, yaani oda zote zikijumlishwa (hapa 1 + 1 = 2); ingekuwa 1, vingebaki "kwa sekunde" peke yake.

Majibu yakikataa kukaa sawa, angalia maji kwanza. Aliyeongeza asetoni bila kupunguza maji ana ujazo wa mL 60, na kila ukolezi umehama. Kisha pima joto ndani ya chombo chenyewe, kwani nyuzi chache tu zinatosha kukupa oda ya 1.3.