Si kila nyuki ana mzinga

Wakazi wengi wa Nairobi huamini kwamba nyuki wote huishi mzingani, hutengeneza asali na huuma. Inaeleweka: nyuki wa asali ndiye tunayemjua, na akichokozwa huja na kundi zima. Lakini wataalamu wa wadudu wameorodhesha zaidi ya spishi 20,000 za nyuki duniani, na nyingi kati yake huishi kila jike na kiota chake, ardhini au ndani ya vijiti vikavu, bila malkia wala asali ya kurina. Madume hayana mwiba kabisa.

Mtazame yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao za paa. Hukamata ua la nyanya na kulitetemesha kwa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Nyuki wa asali hawezi. Huniuma moyo kuona huyo mweusi akipuliziwa dawa.

Una mboga ya malenge, hata kwenye gunia? Jioni, kabla ua la kike halijafunguka (lile lenye kiboga kidogo chini yake), lifunike kwa kipande cha chandarua mpaka lisinyae. Jingine liache wazi. Kiboga cha ua lililofunikwa kitageuka manjano na kudondoka baada ya siku chache, kwa kuwa hakuna nyuki aliyelifikishia chavua.