Katuni Haihitaji Michoro 24 kwa Kila Sekunde
Kuna ujumbe unaozunguka kwa miaka mingi katika makundi ya gumzo, unaodai kwamba katuni inayochorwa fremu kwa fremu (fremu ni picha moja kati ya zile zinazopita kwa mfululizo kwenye skrini) kwenye kompyuta ni lazima iwe na michoro 24 tofauti kwa kila sekunde, la sivyo si katuni halisi. Dai hilo si sahihi, na linawavunja moyo wanaoanza. Namba 24 ni idadi ya fremu zinazoonyeshwa kwa sekunde katika filamu, wala si idadi ya michoro. Mchoro mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili, jambo ambalo wachoraji stadi wamelifanya tangu enzi za karatasi, michoro 12 hutosha, na mhusika anaposimama kimya hata mmoja waweza kutosha. Miendo ya kasi ndiyo mara nyingi huhitaji mchoro mpya kila fremu.

Mkanganyiko hutokana na programu za kuchora katuni kuonyesha kila fremu kama kisanduku kwenye mstari wa muda, hivyo mtu hudhani kila kisanduku kinadai mchoro wake. Fungua katuni iliyochorwa kwa mkono katika programu ya kuhariri video, isogeze fremu moja moja, na mara nyingi utaona picha ileile ikijirudia. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.