Ryokan ni nini?

Ryokan ni nyumba ya wageni ya Kijapani ya mtindo wa zamani. Wengi huieleza kwa vitu vyake: mikeka minene ya tatami, milango ya karatasi, godoro linalotandikwa sakafuni jioni na kukunjwa asubuhi. Vyote vimo, lakini naona kinachoitofautisha hasa na hoteli ni malipo yake. Kwa desturi hulipii chumba. Unalipa kwa kichwa, na humo mna kulala usiku mmoja, chakula cha jioni na cha asubuhi. Wajapani huita ippaku nishoku, usiku mmoja milo miwili.

Desturi hii ni ya njiani. Enzi za Edo (1603–1868), barabara ya Tokaido, kutoka Edo, yaani Tokyo ya leo, hadi Kyoto, ilikuwa na vituo 53. Msafiri alilala hatago, akalishwa humo humo. Asiye na uwezo alikwenda kichin-yado, akapika mchele wake na kulipia kuni. Ryokan ni mrithi wa hatago, ingawa zipo nyumba kongwe zaidi kwenye chemchemi za maji moto: Keiunkan, mkoani Yamanashi, huhesabu umri wake tangu mwaka 705.

Jioni huletewi menyu. Mpishi ameshachagua, kwa kufuata shun, wakati kitu kinapokolea utamu. Kabla ya shun kuna hashiri, malimbuko. Baada yake nagori, yale ya mwishomwisho, yanayoliwa kwa kuagana nayo hadi mwakani. Machipuko huleta chipukizi za mianzi, vuli uyoga wa matsutake, baridi kaa.

Kyoto, joto likipamba moto, ni zamu ya hamo, samaki wa jamii ya mkunga mwenye vimiba visivyong'oleka. Mpishi humpasua, akamlaza ngozi chini, kisha humchanja kwa kisu kizito: chanjo ishirini na kitu katika kila sentimita 3, miba ikatike na ngozi ibaki nzima. Akichovywa kwenye maji yanayochemka, nyama hufunuka kama ua jeupe.

Chakula cha namna hiyo hakipashwi moto. Ndiyo maana ryokan hukuuliza mapema utafika saa ngapi, na anayeingia saa tatu usiku, kama anayetafuta gesti, huwa amekosa nusu ya alicholipia.