Kibete si kibeti, na ufupi si kudumaa

Hapa Malindi haya maneno yanachanganywa mpaka basi, wacha tuyapange kidogo.

Wengi wanaandika kibeti wakimaanisha mtu au kitu kifupi kupita kawaida. Sasa mwambie dada yeyote wa pwani "nishikie kibeti" uone, atatafuta mkoba wake wa mkononi uko wapi, manake kwetu kibeti ni huo. Kile cha ufupi andika kibete, na e mwishoni, yaishe.

Halafu eti neno likianza na ki- lazima liwe dogo. Kuna ukweli humo, mto unakuwa kijito, mti kijiti, nyumba kijumba, na si udogo tu bali na dharau pia imo, ukimwita mtu kijitu hujampima kimo hapo, umemtukana. Lakini kitabu kimetoka Uarabuni na ki yake tayari, hakuna tabu kubwa iliyopunguzwa (tabu tunazo ila ni zile za mwisho wa mwezi). Na Kilimanjaro ndani ya jina mna kilima, na ule mlima una mita 5,895.

Hii inayofuata ndiyo inaniudhi. Watu wanasema "kibete kimekuja" wakidhani ndiyo sarufi, kwa sababu ya hiyo ki. Hapana jamani, ni kibete amekuja, kama vile kipofu amekuja na kiziwi amekaa, ukisema kimekuja umemfanya kitu. Na hata hilo kibete siku hizi kwa mtu halipendezi, sema mtu mwenye kimo kifupi. Zile habari za laana ya ukoo au mama kuvunja mwiko akiwa na mimba ziacheni pia, sababu kubwa inayojulikana ni akondroplasia, yaani badiliko kwenye jeni moja inayohusika na ukuaji wa mifupa, na karibu watoto 8 kati ya 10 wanaozaliwa nayo wazazi wao wana kimo cha kawaida kabisa, na akili za watoto hao kwa kawaida ziko vilevile kama zako. Mbilikimo nalo si jina la kila mfupi, wale Wambuti wa msitu wa Ituri kule Kongo ni jamii, ufupi wao si ugonjwa.

Tukija shambani, eti mnazi kibete umedumaa. Umekua bana, ni aina yake tu! Huo unaanza kuzaa kwa miaka 3 au 4 hivi, wakati mnazi mrefu unakungojesha 6 mpaka 8, na mwanzoni madafu unayachuma umesimama chini, humtafuti mkwezi. Ila mrefu unaishi miaka mingi zaidi na mbata yake, yaani nazi iliyokauka, ni nzuri, kwa hivyo mzee akikataa kupanda mifupi usimuone mkaidi, anapiga hesabu zake.