Mlinzi wa baiti nane

Dibaga niliyoiandika mwenyewe (programu ya kuchunguza nyingine inapoendeshwa) ilikuwa inalinda vigeu, yaani kuona vinapobadilishwa, kwa njia ya kizamani: inaruhusu agizo moja, inasimama, inasoma kumbukumbu, inalinganisha, inaruhusu jingine. Programu ya kufumba na kufumbua ikawa inakokota miguu. Naiwasha, naenda kula, nikirudi haijafika popote. Na huko ndani kuna msimbo unaochezea kigeu changu cha baiti nane, `salio`, siujui ni upi.

Prosesa za x86 zina dawa tangu 80386 ya mwaka 1985. Rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) DR0 hadi DR3 zinabeba anwani unazotaka zilindwe, DR7 inatoa amri, DR6 inaleta taarifa. Walinzi wanne tu, lakini programu inakimbia kwa kasi yake.

Kwenye Linux rejista hizi huzigusi mwenyewe. Unamwomba kaneli (kiini cha mfumo endeshi) kwa ombi la PTRACE_POKEUSER, ukilenga u_debugreg, sehemu inayowakilisha rejista hizo. Nikaandika anwani ya `salio` kwenye DR0, kisha amri kwenye DR7, na hapo ndipo jioni yangu ilipoteketea. Biti ya 0 inawasha, biti za 16 na 17 zinachagua tukio (01 ni kuandika tu), za 18 na 19 zinataja urefu. Baiti 1 ni 00, baiti 2 ni 01, baiti 4 ni 11. Na 8? Ni 10! Urefu huo ulikuja na mfumo wa biti 64, ukapewa nafasi iliyobaki. Mimi nilidhani namba zinapanda kwa utaratibu, nikaweka 11, nusu ya juu ya `salio` ikabaki bila mlinzi. Thamani sahihi ni 0x90001. (Anwani nayo lazima igawanyike kwa urefu huo, la sivyo kaneli anakurudishia EINVAL, kosa la thamani isiyofaa.)

Nikarekebisha. Bado kimya.

Kumbe kila thredi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu) ina rejista zake, na thredi mpya huzaliwa na rejista tupu. Ikabidi niwashe PTRACE_O_TRACECLONE, niikamate kila thredi inapozaliwa na kuiwekea mlinzi kabla haijaenda popote.

DR6 nayo ina vituko. Usipoifuta baada ya kuisoma, brekipointi ya kawaida (kituo ulichoweka kwenye msimbo) ikija baadaye utaona bado biti ya mlinzi imesimama, na utamsingizia. Mimi nilimsingizia mara mbili.

Jambo jingine: kwenye x86 mtego unafyatuka agizo likishamaliza kuandika. RIP, rejista yenye anwani ya agizo, tayari inaonyesha agizo linalofuata, na thamani ya zamani imeshapotea kama hukuiweka akiba. Maagizo yana urefu wa baiti 1 hadi 15, huwezi kuhesabu kurudi nyuma. Ninatafuta mstari wa msimbo wenye anwani ya RIP kutoa 1. Hiyo huangukia ndani ya agizo lililoandika, isipokuwa kwa machache kama `call`, ambalo huandika kwenye staki na kuruka kwenda kwingine. Kwenye prosesa za ARM64 ni kinyume: unasimamishwa kabla ya kuandika, kwa hiyo unamzima mlinzi, unapiga hatua moja, unamwasha tena. Sehemu hiyo sijaiandika.

Safari hii ilisimama yenyewe, kwenye thredi ya tatu: zamani 4500, sasa 4294971796. Toa 4500 inabaki 2 kwa kipeo cha 32. Nusu ya chini haikuguswa. Safu (array) ya jirani ilivuka mpaka wake ikaandika 1 kwenye nusu ya juu.